Namba ya Bosi Inasoma Jina Langu

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, habari yangu ni fupi. Ofisi ya bima kule Kinondoni ilinipunguza kazini siku ileile Allen aliponipunguza uchumbani. Shangazi yangu wa Madale, niliyekuwa nalala kwake, akasema chumba changu anakihitaji kwa ajili ya kuku. Nikaangukia Mtoni, kwenye karakana ya milango ya nakshi kando ya Barabara ya Kilwa, nikiwa karani kwa majaribio.

Majaribio yenyewe Bosi Wilfred aliyaeleza kwa pumzi moja.

"Ile hoteli ikichukua milango yetu, umeajiriwa. Isipochukua, sista, nitakuombea."

Nikishindwa hapo kulikuwa na basi la kurudi Mbeya kwa baba mdogo, ambaye ameshanitafutia mchumba mwenye matrekta mawili na wake wawili. Kwa hiyo mnielewe. Nilipokuwa nahangaika na saini ya barua pepe, sikuwa nahangaikia urembo.

Maneno yalianza na ujumbe wa Madam Felicitas, afisa manunuzi wa hoteli. Hoteli yenyewe ni mpya, bado inajengwa, na vyumba vyake vyote vinataka milango. Madam aliandika hivi: "Tumepokea bei zenu. Tunaomba mzitume tena kwa barua pepe rasmi, yenye utambulisho kamili wa kampuni chini yake."

Bosi alisoma, akaisogeza simu mbali na uso, akasoma tena.

"Rasmi ndo nini? Mbona niliandika 'habari za kazi' kabisa?"

Nikaifungua barua yake. Kweli aliandika habari za kazi. Kisha bei ya mlango. Kisha chini: "Wili Milango. Mungu ni mwema. Imetumwa kutoka kwenye simu yangu."

"Bosi, hapa chini panatakiwa saini."

"Nichape karatasi nisaini, nipige picha?"

"Hapana. Saini ya barua pepe. Ni yale maneno yanayokaa chini ya kila barua unayotuma. Jina lako, cheo chako, kampuni, namba ya simu, mahali ulipo, na nembo kama unayo. Mtu akifika pale anajua anaongea na nani."

"Ah, hilo dogo. Weka picha yangu."

Picha aliyoitaka ilipigwa siku ya kipaimara cha mwanawe Rogers. Bosi amevaa suti ambayo lebo bado imeshonewa kwenye mkono, ameegemea gari.

"Gari la nani, Bosi?"

"Lilikuwa limeegeshwa."

Fundi Marselino alicheka puani. Huyu ndiye anayechonga nakshi zote za karakana. Alikua pamoja na Bosi huko Masasi, kwa hiyo ndiye mtu pekee Mtoni nzima anayemwita Wili. Anachonga ameinamisha kichwa, na maneno yake yanatoka na vumbi la mbao.

"Muwekee na gari, binti. Hoteli wajue usafiri upo."

 Bosi alikuwa ameshashika kasi. Alitaka tai aliyekunjua mabawa. Alitaka rangi nyekundu, kijani na dhahabu. Alitaka mstari wa Zaburi. Alitaka namba zake zote nne za simu.

"Na kwenye cheo uandike Mkurugenzi Mkuu, Mwanzilishi, Mwenyekiti wa Bodi na Mlezi."

"Bodi ipi?" Marselino akauliza.

"Itakuja."

"Na hapo kwenye mlezi, unamlea nani? Mie chai nakunywa kwa mama ntilie, kwa jasho langu."

Mie nina diploma ya uhazili, na diploma yangu sikuipata kwa kubeba maji ya mwalimu. Nikaiweka kalamu mezani.

"Bosi, nisikilize. Saini ya barua pepe si kanga, haihitaji jina na ujumbe na maua pembe zote. Yule Madam ataisoma kwenye simu, amesimama, ana mafundi umeme wanampigia kelele. Inatakiwa iishe kabla hajachoka. Tai anaondoka. Zaburi inabaki moyoni, Mungu anaijua. Picha hapana, maana ikifika kule inafunguka kubwa kama bango la kampeni. Cheo kimoja. Namba moja."

"Moja? Asiponipata je?"

"Mtu akipewa namba nne anapiga ile isiyopatikana."

Akafikiri. Hilo lilimwingia, maana yeye mwenyewe hajui ni namba ipi inapatikana siku gani.

"Haya, weka ile ya kazi."

Nembo niliipata sakafuni. Marselino alikuwa amechonga ua moja kwenye kipande cha mninga ili kujaribu patasi. Nikalipiga picha, nikalisafisha kwenye kompyuta, nikalifanya dogo lenye rangi moja ya kahawa. Pembeni yake nikapanga maneno: Wilfred Chikoti, kwa herufi nene. Chini yake Mkurugenzi. Chini yake Chikoti Milango na Nakshi. Kisha namba. Kisha Mtoni, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam.

Sijawahi kuandika mistari mitano nikaipenda namna ile, na nilimwandikiaga Allen barua.

Bosi aliitazama kwenye skrini kwa heshima.

"Huyu mtu anaonekana ana uwezo."

"Ni wewe, Bosi."

"Najua. Ndo maana nashangaa."

Tukaituma.

Asubuhi yake simu ya kazi ikaita. Huwa inakaa mezani kwangu, kwa sababu mezani kwa Bosi kuna gundi.

"Naongea na nani?" Sauti ya kike, imenyooka kama rula.

"Chikoti Milango na Nakshi, karibu. Mimi ni karani, naitwa Tusa."

"Tusa ni kifupi cha nini?"

"Cha Tusajigwe."



"Tusajigwe Mwakalobo?"

Ukoo wangu nilikuwa sijamtajia.

"Mimi ni Felicitas, manunuzi. Dada, nikuambie ninavyofanyaga kazi. Mtu akiniletea namba yake, najifanya namtumia pesa. Jina likishatokea naghairi. Saini yenu inasema hii ni namba ya Wilfred Chikoti, Mkurugenzi. Simu yangu inasema ni ya Tusajigwe Mwakalobo. Mmoja kati yenu hayupo."

"Wote tupo, Madam."

"Na mwenzenu aliyetuuzia vitasa alikuwepo. Alikuwa na saini nzuri kuliko hii, ina bendera. Vitasa vyenyewe tunavisubiri mpaka leo. Nataka mkurugenzi ambaye namba yake inasoma jina lake. Leo, kabla sijafunga ofisi. La sivyo naenda kwa fundi mwingine."

Akakata.

Sasa msinitazame hivyo. Mambo yalikuwa hivi. Nilipoanza kazi, simu ya zamani ya karakana ilikuwa imeibiwa Buguruni sokoni. Bosi akanunua laini mpya, na laini siku hizi husajiliwi bila alama za vidole. Tukaenda kwa wakala wa barabarani, mimi na Bosi na Fundi Marselino aliyetusindikiza kwa kukosa kazi.

Bosi akaweka dole gumba. Kimashine kikakataa. Akaweka cha shahada. Kikakataa. Akapitisha vidole vyote, mkono wa kulia na wa kushoto, wakala akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta ya mgando, akavifuta tena. Hakuna.

"Mzee, unafanya kazi gani?" wakala akauliza.

"Milango."

"Basi vidole vimeshaisha."

Ni msasa. Mtu aliyesugua mbao maisha yake yote hudhani anasugua mbao tu. Vidole vya Bosi vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Marselino akasema tuweke vyake, ndipo kimashine kikaandika kwamba bado hakijawekewa kidole.

Wanaume wawili wakageuka wakaitazama mikono yangu. Mikono ya diploma. Kila mstari uko mahali pake.

"Sista, weka chako, tutabadilisha baadaye," Bosi akasema.

Najua. Mtu hatakiwi kumsajilia mwenzie laini. Lakini nilikuwa mgeni kazini, na wakala alikuwa anafunga mwavuli wake. Nikaweka.

Hiyo ndiyo "baadaye" iliyokuja kunipigia simu.

Nikamkimbilia Bosi, nikamweleza. Hakushtuka.

"Ishu ndogo. Weka namba nyingine. Si ninazo tatu?"

Tukazijaribu moja moja kwa mbinu ileile ya Madam. Ya kwanza ikasoma Leonardi, shemeji yake wa Masasi. Ya pili ikasoma Alfonsi Chikoti.

"Huyu nani?"

"Marehemu baba."

Ya tatu ikasoma Bernadeta Chikoti. Huyo ni mkewe, Mama Rogers, mwenye duka la magodoro Buguruni.

Ndipo nikaelewa. Kwa mitandao yote ya simu nchini, Wilfred Chikoti hakuwapo duniani. Alikuwa anapiga na kupokea simu kama mzimu.

"Bosi, mbona jibu tunalo? Mama Rogers yupo hai, ni mkeo, ukoo ni Chikoti. Tuandike Bernadeta Chikoti, Mkurugenzi, na namba yake. Kila kitu kitasoma."

"Mama Rogers?" Akacheka. "Mama Rogers anauza magodoro. Milango anaijulia wapi?"

Patasi ya Fundi Marselino ikasimama. Tangu niingie karakana ile nilikuwa sijaisikia ikisimama katikati ya ua.

"Wili," akasema, "hebu fikiri."

"Nimeshafikiri. Sista Tusa, namba si inasoma jina lako? Basi weka jina lako. Kuanzia sasa wewe ndo mkurugenzi."

"Bosi, mie ni karani wa majaribio."

"Basi unajaribiwa ukurugenzi."

Nikageukia kompyuta. Nikamfuta Wilfred Chikoti, herufi moja baada ya nyingine, naye amesimama nyuma yangu ananusa gundi. Nikaandika Tusajigwe Mwakalobo. Mkurugenzi.

Nakiri mbele yenu: lilikaa vizuri. Ni jina refu, lilijaza mstari, na lile ua pembeni yake likawa kama lilichongwa kwa ajili yangu. Nilimfikiria Allen. Nilimfikiria yule wa matrekta. Nikabonyeza kutuma kabla sijamfikiria mtu mwingine yeyote.

Mtu niliyetakiwa kumfikiria alikuwa Buguruni, amekaa juu ya godoro la inchi sita, ameshika simu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Zamani, Bosi alipokuwa anatumia kiswaswadu kisicho na barua pepe, mkewe ndiye aliyemfungulia anwani ya barua pepe kwenye simu yake mwenyewe. Bosi akaja akanunua simu kubwa, akaingia kwenye anwani ileile, maisha yakaendelea. Ila simu ya Mama Rogers haikutoka. Kila barua iliyoingia karakana iliingia Buguruni. Kila barua iliyotoka Mtoni ilionekana Buguruni. Bosi alikuwa ameshasahau. Mie sikuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo Mama Rogers aliisoma saini ya kwanza. Kisha akaisoma ya pili.

Alikuja kesho yake asubuhi na bajaji. Hakupiga kelele getini. Alimlipa dereva, akamwambia ahsante, akaingia taratibu akiwa ameinua pindo la kitenge kwa ajili ya vumbi la mbao. Mwanamke akija na hasira anakuwa na haraka. Huyu alikuwa na nafasi.

Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mkurugenzi."

Fundi Marselino akaiweka patasi chini polepole, akaanza kusogea kuelekea chooni.

"Shemeji Marselino, rudi ukae," Mama Rogers akasema bila kugeuka. "Mashahidi wanahitajika."

Marselino akarudi akakaa.

Mama Rogers naye akakaa, juu ya mlango wa mfano wa hoteli uliokuwa umelazwa kwenye meza ya kazi. Akatoa simu.

"Hii namba nimeihifadhi 'Baba Rogers Kazini'. Sijawahi kuitilia shaka. Mke unaitiliaje shaka namba iliyoandikwa kazini? Leo nimejifanya naitumia pesa. Njoo usome, wewe ndo msomi."

Nikasogea. Jina langu lilikuwa pale kwa herufi kubwa, lote.

"Namba ya mume wangu inasoma jina lako. Karakana ya mume wangu inasoma jina lako. Nimekuja kuuliza kama na mie napaswa kuhamia jina lako, unijulishe mapema, nina magodoro mengi ya kuhamisha."

Ulimi wangu huwa hautaki kulala na deni.

"Mama, kwa heshima zote, mumeo simtaki hata akiletwa kwangu na bajaji yenye muziki."

"Hee!" Bosi akasema. "Na mie nipo hapa."

"Tumekuona," Mama Rogers akasema. "Nyamaza."

"Ni vidole, mama," nikaendelea. "Laini ilitakiwa isajiliwe, vidole vya Bosi havisomi. Vimefutika kwa msasa. Fundi Marselino naye vyake havisomi. Vikabaki vyangu."

"Vidole havisomi?"

"Popote."

Akamtazama mumewe kama anavyotazama mteja anayesema godoro lilikuja na tundu.

"Lete mkono."

Bosi akaleta. Mama Rogers akafungua simu yake kwenye ile sehemu ya kusajili kidole, akalishika dole gumba la mumewe, akalibandika. Simu ikatetemeka, ikakataa. Akabandika kingine. Ikatetemeka. Kingine. Simu inatetemeka tu. Mpaka kidole cha mwisho.

Hakuuachia ule mkono. Aliugeuza, akapitisha gumba lake juu ya ncha za vidole vya Bosi, kimoja kimoja.

"Kumbe," akasema taratibu. "Nilidhani ni mie nimeizoea mikono yako."

Bosi akatazama pembeni. Mie nikajifanya natafuta kalamu.

Nilijua yameisha. Msomaji, mie huwa najua yameisha siku zote, ndiyo maana nina hadithi ya kila wiki.

"Sawa," Mama Rogers akasema, akauachia mkono. "Vyako vimeisha. Vya Marselino vimeisha. Na vyangu?"

Bosi akakohoa.

"Nauliza, Baba Rogers. Mashine ya kukatia mbao imetoka wapi? Si dukani kwangu? Hili bati juu ya kichwa chako? Umekosa vidole, umetaka mtu wa kuandika kwenye hiyo saini, ukamkumbuka mtoto ambaye hata kikombe chake cha chai hapa hana. Mie hukunikumbuka hata kwa bahati mbaya?"

Sasa mnaona. Wivu ungekuwa rahisi. Mwanamke mwenye wivu unamwapia, anaenda. Huyu hakuwa na wivu na mimi. Alikuwa ameisoma ile mistari mitano, mara mbili, akitafuta mahali alipo.

Bosi akanitazama niseme kitu. Mie nikamtazama Marselino. Nilikuwa na neno la kujiokoa, lakini lilikuwa neno la kumzika anayenilipa, kwa hiyo nikalimeza.

Fundi Marselino hakumeza.

"Shemeji, binti alikutaja. Alisema aandikwe Bernadeta. Wili akasema wewe milango huijui."

"Marselino!" Bosi akafoka.

"Si nimeambiwa mie ni shahidi?"

"Siijui," Mama Rogers akarudia. Alilisema lile neno kama mtu anayehesabu chenji akakuta pungufu. Kisha akanigeukia. "Washa hiyo kompyuta. Andika Bernadeta Chikoti, Mkurugenzi. Weka namba yangu. Inasoma jina langu, kwa kidole changu."

"Mama, nitaandika. Lakini nisikilize kwanza. Barua ya kwanza mkurugenzi Wilfred. Ya pili mkurugenzi mimi. Hii ya tatu mkurugenzi wewe. Ua ni lilelile, milango ni ileile. Yule Madam alishalizwa kwenye vitasa. Safari hii hatajibu, ataleta polisi."

"Basi polisi watanikuta nimeandikwa."

Nikaandika. Na niseme ukweli wa kazi yangu: lilikaa vizuri kuliko yote. Bernadeta Chikoti. Mkurugenzi. Chikoti Milango na Nakshi. Macho yalishuka bila kujikwaa. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na kila mtu mle ndani aliliona hilo, pamoja na Bosi, ambaye aliinama akaanza kuokota misumari isiyokuwepo.

Kidole changu kilikuwa juu ya kutuma, honi ikalia getini.

Gari jeupe la hoteli. Akashuka mwanamke mrefu, miwani ya kusomea imening'inia shingoni, bahasha ya kaki kwapani. Sauti ikamtangulia.

"Hodi! Nimepita kuhakikisha kama karakana yenyewe ipo."

Nikaitoa mikono kwenye kompyuta kama niliyeungua.

Madam Felicitas hakukaribishwa na mtu, alijikaribisha. Akaizunguka milango. Akapiga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akafika kwenye ule mlango wa mfano, Mama Rogers akashuka kumpisha, naye Madam akavaa miwani akapitisha kiganja juu ya nakshi, kutoka juu mpaka chini.

"Nani kachonga?"

Fundi Marselino akainua patasi.

"Baba, una mkono." Akavua miwani. "Kazi nimeipenda. Sina maneno mengi. Mkataba nimekuja nao, umeandikwa kwa jina la mkurugenzi aliyekuwa kwenye barua yenu ya mwisho. Bosi wangu anasafiri leo. Nikirudi nao umesainiwa, milango ni yenu. Nisiporudi nao, kazi inakwenda kwa mwingine." Akatutazama mmoja mmoja. "Mkurugenzi ni nani?"

Bosi akaokota msumari mwingine usiokuwepo.

Nikahesabu njia zangu, zilikuwa mbili na zote zilikuwa na shimo. Nikisema ni mimi, Mama Rogers atanizika chini ya magodoro yake. Nikisema si mimi, sie ni ndugu zake yule wa vitasa, hoteli inaondoka, na mimi naondoka na basi la Mbeya.

Nikamtazama Mama Rogers. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa muuza duka anayeangalia mzigo na mteja na kupiga hesabu kimoyomoyo. Akakung'uta kitenge. Akatembea mpaka niliposimama, akaniwekea mkono begani.

"Mkurugenzi ndo huyu," akasema. "Mie ni mama yake. Karakana tumemkabidhi yeye, sie tumeshazeeka."

Bosi akazeeka palepale.

"Na huyu Wilfred wa barua ya kwanza?" Madam akauliza.

"Baba yao. Amestaafu, ila anasahau."

"Baba Chikoti, binti Mwakalobo?"

"Wa kufikia," Mama Rogers akajibu, jicho halikupepesa. "Nilikuja naye."

Kucha zake zikaingia begani kwangu. Akaniinamia sikioni kama mama anayempongeza mwanawe.

"Tia saini," akanong'ona. "Halafu mie na wewe tutaongea."

Madam Felicitas akaitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza juu ya nakshi, akanipa kalamu. Nikainama. Nilikuwa nimeshauona mstari wa kusaini, jina langu limechapwa chini yake, refu, limenyooka.

"Mwakalobo," Madam akasema nyuma yangu, na ile rula ikawa imetoka kwenye sauti yake. "Nilikuwa nataka kuuliza tangu jana kwenye simu. Kwa hiyo mama ulikuwa umeolewa kwetu kabisa! Mie nimezaliwa Tukuyu, nimekulia Tukuyu. Uliishi huko?"

"Miaka mingi," Mama Rogers akasema. Nadhani lilimtoka kwa mazoea ya kukubaliana na mteja.

"Jamani! Mjini hapa nakosaga hata mtu wa kusalimiana naye."

Akamshika Mama Rogers mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kwa heshima, akamsalimu kwa Kinyakyusa. Haikuwa salamu fupi. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, na mwishoni akauliza swali, swali la kweli, la mtu anayetaka kujua: aliolewa kwa Mwakalobo yupi, na kijiji gani.

Mama Rogers wa Masasi, ambaye upande ule wa nchi hajawahi kuvuka Morogoro wala hajui neno la Kinyakyusa, alitabasamu. Akaendelea kutabasamu. Kisha akageuza shingo polepole akanitazama.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, haijagusa karatasi. Na Madam Felicitas, bado amemshika mikono, alikuwa anangoja ajibiwe.